Ukuta wa Maman Adélaïde

Jumamosi ile Jacques alimpigia Francine simu asubuhi na mapema, akamwomba aje Nyalukemba na baiskeli yake na asiulize maswali mpaka afike. Francine alicheka. Mtu unayempenda akikuambia usiulize maswali, njia nzima inakuwa maswali.

Aliondoka Nyantende umande ukiwa bado juu ya majani ya maharagwe. Akapita Panzi, akapita mtaa wa Essence akiwa ameshuka na kuisukuma baiskeli pembeni kwa sababu ya pikipiki, kisha akateremka upande wa ziwa. Njia hiyo aliijua vizuri mno. Alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya huko Nyalukemba, na alianza kwenda kazini kwa baiskeli baada ya asubuhi moja ambapo gari lilimchelewesha, akafika na kumkuta mwanamke aliyekuwa akimngojea amekwisha kujifungulia mlangoni, peke yake. Tangu siku hiyo watu walimwita "Francine wa velo." Wengine walilisema jina hilo kwa kumpenda, wengine kwa kumcheka, na yeye aliwaitikia wote.

Jacques alikuwa amesimama chini, karibu na maji, shati limejaa vumbi na mikono myeupe kwa chokaa. Alikuwa injinia katika ofisi ya barabara, kijana mpole asiyependa kelele, lakini alikuwa na namna yake ya kutazama. Akimtazama Francine, ilikuwa kana kwamba kazi zote za siku zimekwisha.

"Yambo, Francine."

"Yambo. Sasa naweza kuuliza?"

"Usiulize. Angalia chini."

Francine akaangalia. Pembeni mwa lami palikuwa na mstari mweupe wa chokaa, umenyooka, unapanda na barabara mpaka macho yanapoishia.

"Ni nini hii?"

"Piste ya velo, njia ya baiskeli peke yake. Kutoka hapa ku ziwa mpaka kule juu ku soko. Ofisi ilikubali. Leo tunapiga chokaa, juma inakuja tunaweka mawe." Akainama, akaonyesha kwa kiganja urefu wa nusu ya muundi wake. "Mawe ya urefu hii, yote kwa mustari. Gari haiwezi kupanda juu yake bila dereva kusikia. Motokari inabakia upande wake, weye unabakia upande wako."

Francine aliinama, akagusa chokaa kwa kidole, akakitazama kidole chake.

"Unalia?"

"Ni vumbi."

"Vumbi iko ku miguu yangu, haiko ku macho yako," alisema Jacques, na sauti yake ikashuka. "Kila siku nilipokuwa nachora, nilikuwa nawaza mutu moja tu."

Francine alipanda baiskeli, akaingia ndani ya mstari. Jacques alitembea haraka kando yake, akimwelekeza pale patakapokuwa na mfereji wa maji ya mvua na pale wanawake wenye mizigo watakapovukia. Mara mbili tatu mkono wake uligusa usukani, ukakawia pale kuliko ilivyohitajika, na Francine hakuuondoa. Walipita hivyo, wakizungumza na kunyamaza, mpaka walipofika kwenye kona.

Hapo mstari ulianza kujibana. Ukawa mwembamba kama mkanda, halafu ukakatika. Kona nzima haikuwa na kitu. Chokaa ilianza tena ng'ambo, baada ya ukuta.

Francine alishika breki.

Ukuta ule aliujua. Ulikuwa mrefu, wa mawe meusi, umesogea mpaka kwenye lami. Nyuma yake ndiko Jacques alikokulia, na huko ndiko alikokuwa akiishi mama yake, Maman Adélaïde. Francine alikuwa ameingia mle mara mbili tu. Mara ya pili, wakiwa mezani, Maman Adélaïde aliweka sahani ya sombe mbele yake na kusema bila kumtazama, "Bibi ya mutoto yangu hatakuwa mwanamuke wa kuzunguka barabarani juu ya velo. Ni haya." Baada ya maneno hayo chakula hakikupita vizuri.

"Hapa ulisahau," Francine alisema.

"Hapana. Nafasi haitoshi."

"Haitoshi?"

"Kona iko nyembamba. Tulipima."

Francine aliiegemeza baiskeli, akasimama kwenye nguzo ya umeme, akatazama juu na chini. Nyua zote za majirani zilikuwa nyuma ya nguzo. Ukuta mmoja tu ulikuwa umezipita.

"Jacques, nyumba zote ziko nyuma ya nguzo. Ni ukuta yenu peke yake njo iko mbele."

Jacques aliangalia mikono yake.

"Ni ya Papa," alisema hatimaye. "Papa Ignace aliijenga na mikono yake. Njo kitu ya mwisho alijenga mbele ya kufa. Na Maman... weye unajua namna Maman hatutaki pamoja. Niende nimwambie nabomoa ukuta ya bwana yake ju ya piste? Atasema ni weye ulinituma. Atafunga mulango kabisa. Nilisema niache kwanza hii kona, akuzoee, halafu siku moja..."

"Siku gani?"

Jacques alikwangua chokaa kwenye kiganja chake.

"Msimu ya mvua iliyopita lori ilinibana hapa hapa," Francine alisema. Alivuta mkono wa blauzi, ingawa Jacques alilijua kovu lile la kiwiko. "Papa Zagabe, ule muzee wa maziwa, nyonga yake ilivunjikia hapa. Ni mimi nilimufunga bandeji. Mpaka leo hajatoka ku nyumba."

"Najua."

"Unajua, na ulipinda mustari."

"Ni kipande kidogo, Francine!"

"Ni hapa watu wanaumia. Kule kwingine kote naweza kupita bila chokaa yako."

Hakusema kwa sauti kubwa. Labda ndiyo sababu maneno yale yalimwingia Jacques kama baridi. Alinyoosha mkono, lakini Francine alikuwa amekwisha kupanda. Alipita kona ile taratibu, ukuta upande mmoja na magari upande mwingine, na Jacques alimtazama mpaka alipopotea, roho mkononi.

*

Siku zilizofuata simu ya Francine ililia mara nyingi, naye aliiacha ilie. Kazini aliwapima watoto, akatoa chanjo, akasahau kula. Mireille, muuguzi mwenzake, alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Umupokee basi, umusikilize."

"Nitamusikiliza na nini? Roho yangu imeshaenda upande wake. Nikipokea, nitamusamehe mbele hajasema kitu."

"Na ni mbaya?"

"Ni mbaya. Anaogopa mama yake. Leo ni ukuta. Kesho, tukiwa ndani ya nyumba moja, itakuwa nini?"

Mireille alimwekea chai, akaongeza sukari bila kuulizwa.

Alasiri moja, wagonjwa wakiwa wamepungua, Francine aliinua kichwa, akamwona Maman Adélaïde amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge cha akina mama wa parokia na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri, lakini uso ulikuwa umechoka.

"Yambo, Maman."

"Yambo, mutoto yangu. Nilikuya munipime tension."

Mireille alichukua sinia ya vyombo, akatoka taratibu. Francine alivuta kiti, akamfunga mkanda mkononi, akaanza kupuliza. Wakawa karibu sana, nyuso mbili zinazokwepana.

"Iko juu?"

"Presha iko juu kidogo, Maman. Munalala vizuri?"

"Sikulala hata kidogo." Maman Adélaïde alishusha pumzi. "Jacques aliniambia jana. Yote. Mustari, kona, na namna mulivyogombana. Alikuwa analia mbele yangu, mwanaume muzima. Mara ya mwisho nilimuona vile ni siku ya kumuzika baba yake."

Francine alianza kufungua mkanda.

"Nilimuuliza, nani alikutuma? Mi nilikuomba upinde barabara? Mutoto alifikiri napenda mawe kuliko batu." Akamgeukia Francine. "Na weye ulifikiri vile."

Francine angeweza kukana. Hakukana.

"Ndiyo, Maman. Nilifikiri vile."

"Muzuri. Hukunidanganya." Mama yule alikunja mikono juu ya mapaja. "Sasa nikuambie. Jacques alikuwa mudogo sana, hakumbuki. Lori, camion kubwa, ilishuka pale juu, breki imekatika, ikakosa kona, ikaingia mu jikoni yangu. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Narudi, sufuria iko chini ya gurudumu, ukuta ya jikoni haiko tena. Mwaka muzima sikuweza kupika bila kutetemeka. Papa Ignace akasema, basi, nitakujengea ukuta hata camion itaogopa. Akaenda kuchukua mawe, akaisogeza mpaka ku barabara. Batu bakasema anajivuna. Haikuwa kujivuna. Ile ukuta ni woga yangu, aliipandisha mawe juu ya mawe."

Nje, pikipiki ilipita na kelele zake, kisha pakatulia tena. Francine alijiona mdogo. Siku zote hizo alikuwa amemkasirikia mwanamke mwenye kiburi, na mwanamke huyo hakuwapo.

"Na mi naogopa kona ile, Maman," alisema polepole. "Kila asubuhi."

"Najua. Njo maana sikukutaka."

Francine aliinua macho.

"Nilisema ni haya mwanamuke kupanda velo. Ndiyo, nilisema, ju niliona ni rahisi kusema vile. Lakini kila asubuhi, nikiwa napeta mupunga, nilikuwa nasikia kengele yako nyuma ya ukuta. Nilikuwa naacha mikono, nangojea. Nangojea kama nitasikia kishindo. Kengele ikienda mbali, napumua, narudi ku kazi yangu. Siku ile lori ilikubana, nilisikia. Nilifungua mulango mbio, batu walikuwa wameshakupeleka." Alikaza fundo la kitambaa cha kichwa. "Nilishapoteza bwana. Sasa nikuingize mu nyumba, nikuzoee, nikuite mutoto, halafu nisikie kishindo tena? Nikasema heri nisikupende."

Francine hakujua alipiga magoti saa ngapi. Alijikuta chini, mikono yake ndani ya mikono ya mama yule, na wote wawili wakilia bila sauti, kwa adabu, kama watu walio kanisani.

Maman Adélaïde ndiye aliyejipangusa kwanza.

"Bon. Simama. Nieleze hii mawe. Jacques akieleza anaingiza Kifaransa mingi, napotea."

Francine alicheka huku pua imejaa. Akavuta maboksi ya glavu na pamba, akayapanga juu ya meza. Hili ni barabara, hili ni ukuta, mistari hii ya pamba ndiyo mawe. Ukuta ukirudi nyuma ya nguzo, kona inafunguka, na dereva anayeshuka anaona mbele badala ya kushtukia.

"Na camion bila breki?" Maman Adélaïde aliuliza mara moja.

Francine alichukua kipande kingine cha pamba, akakiweka juu kidogo ya kona.

"Camion bila breki, Maman, sitawadanganya, haya mawe haiwezi kuisimamisha kabisa. Lakini juu pale Jacques alichora dodane, yale matuta, mbele ya kufika ku kona. Hakuna dereva atateremka mbio. Na ukuta mupya unaweza kujengwa na mawe yale yale ya Papa Ignace. Itakuwa nyuma kidogo tu, na itakuwa na nguvu kupita ile."

"Na velo?"

"Velo itapita hapa," Francine alisema, akiweka kidole kati ya pamba na boksi la ukuta. "Katikati."

Maman Adélaïde alikitazama kidole kile kwa muda. Kisha akasimama, akanyoosha kitenge.

"Nipatie dawa ya tension. Kesho kuna misa ya asubuhi, nitaongea na Papa Ignace kule. Hakunikatalia kitu alipokuwa muzima." Mlangoni aligeuka. "Na umupokee yule mutoto wangu simu. Nyumba yote imekuwa kama kilio."

*

Francine hakupiga simu. Jumamosi, alipotoka zamu ya asubuhi, aliisukuma baiskeli mpaka kwenye kona, akakuta nusu ya ukuta imekwisha kulala chini. Kipande kile cha barabara kilikuwa kimefungwa kwa kamba, na vibarua walikuwa wakipanga mawe meusi upande mmoja. Maman Adélaïde alikuwa ameketi kwenye kiti ndani ya uwanja wake, mwavuli kichwani, akitoa amri.

"Ile isipasuke! Papa Ignace aliitoa mbali!"

Jacques alikuwa na nyundo mkononi. Alipomwona Francine aliishusha, akabaki amesimama, vumbi mpaka kwenye kope. Macho yake yalikuwa na maneno mengi kuliko mdomo ungeweza kubeba.

"Ulikuya," alisema.

"Nilipita tu. Barabara imefungwa."

"Francine." Alivuka mawe, akasimama mbele yake. "Nilikuwa naogopa kupoteza Maman, na nilikuwa naogopa kukupoteza weye. Nikatafuta njia ya kutopoteza mutu. Nikawaficha wote wawili, na niliacha kona vile ilivyo. Sitatafuta maneno mengine. Nilikosea."

"Ungenipoteza hapa hapa."

"Najua. Tangu siku ile nikifunga macho naona ile tu."

Francine alimtazama. Alikuwa amejiandalia hotuba njiani, kali na nzuri, lakini sasa aliona mikono ile imepasuka malengelenge, mikono ya mtu wa kalamu, na hotuba ikamtoka yote.

"Woga si kitu ya kuficha," alisema. "Mama yako alinionyesha yake, na nilimupenda siku ile ile. Ukiogopa tena, uniambie mimi mbele ya kuchora."

"Nitakuambia."

"Hata ikiwa ni juu yangu?"

"Zaidi ikiwa ni juu yako."

Walikuwa wamesogeleana kiasi kwamba kibarua mmoja alikohoa. Maman Adélaïde naye alipaza sauti kutoka chini ya mwavuli.

"Francine! Kabla ya kumusamehe, umuulize kama anajua kupanda velo!"

"Maman!" Jacques alishtuka.

"Umuulize!"

Francine aligeuka polepole.

"Jacques?"

Injinia wa barabara alitazama viatu vyake.

"Nilisoma," alisema.

"Ulisoma?"

"Mu vitabu. Upana, muteremko, yote. Kupanda mwenyewe... Maman alinikataza tangu utoto ju ya hii kona. Sikujifunza."

"Ulichora piste yote hii hujui kupanda velo?"

"Njo maana nilikuwa nakutazama weye sana," Jacques alisema kwa unyonge. "Namna unakata kona. Namna unapeleka bega upande moja ukiogopa gari. Mara ya kwanza nilikuwa natazama ju ya kazi. Mara ya pili haikuwa tena ju ya kazi."

Francine alicheka mpaka akashikilia nguzo. Kicheko kile kilifungua kitu kifuani kilichokuwa kimefungwa wiki nzima. Alipotulia, aligeuza baiskeli, akaielekeza kwenye njia mpya, kati ya chokaa na mawe ya kwanza yaliyokwisha kupandwa.

"Panda."

"Sasa hivi? Mbele ya batu?"

"Barabara imefungwa. Panda."

Alipanda kama mtu anayepanda mtumbwi kwa mara ya kwanza, magoti nje, meno yameumana. Francine alishika tandiko kwa mkono mmoja, na mwingine akauweka mgongoni mwake. Kupitia shati alisikia moyo wake ukienda mbio. Vibarua waliacha kazi. Baiskeli ikaanza kusogea, ikayumba, ikanyooka.

"Kanyaga. Usitazame gurudumu, tazama mbele."

"Francine, niko na swali."

"Tazama mbele."

"Nikitazama mbele sitaweza kuuliza."

"Utauliza ukitazama mbele. Kanyaga!"

Jacques alikanyaga. Francine sasa alikuwa akikimbia, viatu vyake vya kazi vikipiga lami, upepo wa ziwa ukimvua kitambaa cha kichwa. Walifika pale ambapo mstari ulikuwa umekatika, na chokaa mpya ilikuwa pale, mbichi bado.

"Maman na baba mudogo bakikuya Nyantende kwa baba yako kukuposa," Jacques alipaza sauti, macho yametulia mbele kama askari, "batapokelewa?"

Francine alikimbia hatua kadhaa zaidi. Si kwamba alikuwa akifikiri. Alitaka tu kulisikia swali lile likizunguka ndani yake mara moja zaidi.

"Bakuye," alisema.

"Nini? Sisikii!"

"Nimesema bakuye! Baba atawangojea!"

Jacques aligeuka kumtazama. Hakuweza kujizuia, na usukani ukageuka pamoja naye. Mbele yao palikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi.

"Breki!" Francine alipiga kelele. "Jacques, breki!"

Lakini Jacques alikuwa akimtazama yeye. Gurudumu likazama, baiskeli ikainama, na injinia akaenda kifudifudi ndani ya mchanga. Na Francine, kwa kuwa hakuwa ameachilia, alianguka pamoja naye.